Fyuzi ya kijani mahali pa nyekundu: uzoefu wangu wa kufungiwa kamera ya gari

Nianze na kamera yenyewe, maana haina kosa. Hata usiku inasoma namba ya bodaboda iliyo mbele yangu, na ndicho nilichoinunulia, baada ya kijana mmoja kunikwangua mlango kwenye foleni ya Buguruni kisha akaapa mbele ya trafiki kwamba mimi ndiye niliyemfuata. Vifaa vya kuiunganisha kwenye boksi la fyuzi nilinunua kando, ili soketi ya sigara ibaki ya kuchajia simu na kamera ilinde gari hata likiwa limezimwa. Kwa kamera na vifaa vyake natoa alama zote.

Kilichonitoa machozi ni ufungaji.

Nilikwenda gereji moja hapa Dar, siitaji. Fundi alinipokea vizuri, na haki yake nampa: kuficha nyaya anajua. Alizipitisha juu ya kioo zikashuka pembeni ya mlango, huoni kitu. Tulipofika kwenye fyuzi nikampa karatasi ya maelekezo. Nyaya ni tatu. Wa njano unakwenda kwenye umeme usiokatika, mwekundu kwenye umeme unaokuja ukizungusha funguo tu, mweusi kwenye bodi ya gari. Huo mwekundu ndio unaoijulisha kamera kwamba gari limezimwa, ipunguze kazi. Karatasi hakuipokea hata kwa mkono.

"Dada, umeme ni umeme, rangi ni mapambo. Kaa pale kivulini unywe soda."

Nikakaa kivulini. Hadi leo linaniuma kwamba nilinyamaza.

Wiki kama mbili hivi baadaye niliegesha gari Ijumaa jioni, sikulitumia hadi Jumatatu alfajiri. Mama yangu alikuwa na kliniki ya presha. Ameshakaa kiti cha nyuma, kadi yake mkononi, nazungusha funguo: tk, tk, tk. Taa za dashibodi hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Jirani alikuja kutubusti, lakini hadi tunafika hospitali foleni ilikuwa imetoka hadi nje, na mama alisimama muda mrefu kwa miguu ile ile iliyovimba.

Jioni nikafungua boksi la fyuzi kwa tochi ya simu. Wa njano na mwekundu vimesokotwa pamoja, vimechubuliwa, vimezungushiwa mguu wa fyuzi moja ya umeme usiokatika, kisha fyuzi ikasokomezwa kwa nguvu juu yake. Maana yake kamera haikuwahi kujua gari limezimwa. Ilirekodi ukuta wa jirani saa 60 mfululizo. Ikila hata ampea 0.4 tu, hizo ni ampea-saa 24, na betri ya kigari changu ni ya 35, tena si mpya. Kile kiboksi cha kulinda betri, kilichomo kwenye vile vifaa vya kuunganishia kamera, kina swichi ndogo ya kuchagua umeme ukishuka wapi ndipo kamera ikatwe. Kilikuwa kwenye volti 11.6. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama 12.6, ikifika 11.6 imeshakwisha, sasa unakata ili iweje? Na swichi hiyo fundi hakuigusa, ilitoka hivyo kwenye boksi lake. Kwa hiyo zile alama zote nilizotoa kule juu, nazipunguza.

Lakini kilichonitetemesha mikono ni fyuzi yenyewe. Kwenye kifuniko, mahali pale pameandikwa 10, yaani ampea 10. Fyuzi ya 10 ni nyekundu. Niliyoikuta ni ya kijani, ya 30. Nikampigia simu.

"Hiyo nimekuwekea ngumu, dada, ile ya mwanzo ilikuwa inakatika nikiunganisha. Hii haikatiki."

Haikatiki! Fyuzi kazi yake ni kukatika. Ikikatika ujue imeokoa waya. Waya wa kamera ni mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Ukigusana na bodi, utawaka moto kwenye magoti ya dereva na fyuzi ya 30 bado imekaa imetulia. Nilikuwa nabeba watoto wa dada yangu kwenye gari hilo. Niliposema anajua kuficha nyaya, sasa naona alificha na ubaya wake humo humo. Sifa ile naifuta.

Fundi mwingine, kijana tu, alifungua kila kitu. Alipima kwa testa funguo ikiwa ndani na ikiwa nje, akatumia vile vishikio vyenye nafasi mbili za fyuzi, moja ya gari na moja ndogo ya kamera, kila waya na kishikio chake. Nyekundu ya 10 ikarudi mahali pake. Kiboksi akakipandisha hadi volti 12.2. Karatasi ya maelekezo aliisoma yote, akaniuliza swali moja, akanisikiliza.

Tangu hapo gari linawaka kila asubuhi. Mama bado haamini. Siku ya kliniki anasimama kibarazani na kadi yake mkononi, wala hashuki ngazi mpaka asikie injini inaunguruma.