Kompyuta ya bei nafuu ya kujiunganishia: anza na pawasaplai, prosesa itafuata

Msomaji mmoja wa Mbale kaniandikia na hasira zake nazielewa kabisa. Kaunganishiwa kompyuta mpya, prosesa nzuri, SSD nzuri, na UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika, kaongeza juu, lakini umeme ukikatika tu kompyuta nayo inazima hapo hapo kama vile UPS haipo. Fundi akamwambia ati betri ya UPS imekufa, akanunua betri nyingine, bado. Na malalamiko ya hivi yananijia pia kutoka Jinja, Gulu, hata hapa Kampala, na karibu wote nikiwauliza pawasaplai yako, yaani kile kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, ni gani wananijibu "ilikuja na kesi," yaani lile ganda la kompyuta.

Jamani, shida ndiyo hiyo.

Hizi UPS za kawaida, umeme ukienda, zinachukua muda kidogo kuhamia kwenye betri, milisekunde kama 4 mpaka 10. Katika huo muda pawasaplai inatakiwa iishikilie kompyuta yenyewe, kwa akiba iliyo ndani ya kapasita yake kubwa, na utaratibu wa ATX, yaani kanuni za pawasaplai za kompyuta, unataka ishikilie kama milisekunde 16 hata ikiwa imebeba mzigo mkubwa. Sasa mtu anayetengeneza pawasaplai ya kupewa bure na kesi atabana gharama wapi? Anabana hapo kwenye kapasita, manake mnunuzi haioni. Ongeza na jioni zetu ambapo volti zimeshuka kabla hata umeme haujakatika, ile akiba ndogo inakuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo unaweza kubadilisha UPS mpaka uchoke, ugonjwa uko ndani ya kesi.

Ukiwa dukani geuza pawasaplai usome lebo. Usihangaike na ile 500W iliyoandikwa kwa herufi kubwa, tafuta mstari wa +12V, chukua ampea zake uzidishe kwa 12, maana prosesa na kadi ya grafiki zinakula hapo. Lebo ikisema ampea 18 hizo ni wati 216, sasa hiyo 500 imetoka wapi? Tena angalia nyuma kama kuna kale kaswichi kekundu ka 115/230. Kakiwa kwenye 115 na umeme wetu ni volti 240, ukichomeka inapasuka, na ukiirudisha dukani utaambiwa umeichoma mwenyewe.

Mimi nasema wazi napendelea Corsair CX na sitabadilika. CX450 lebo yake inatoa ampea 37.4 kwenye volti 12, yaani karibu wati 449 kati ya 450 walizoahidi, lebo ya ukweli hiyo. Ukiikosa chukua Cooler Master MWE Bronze. Ila upande wa UPS usiangalie VA, ile namba ya ukubwa kwenye boksi, peke yake, ile ya 650VA mara nyingi inabeba chini ya wati 400, na pawasaplai nzuri haitaki UPS iliyobanwa, kwa hiyo iache na nafasi. Pawasaplai za chini ya hizo mbili, zile zisizo na jina unalolijua, sizipangi.

Sasa vifaa vingine, na hapa sitakaa sana. Namba moja kwangu ni prosesa ya Ryzen 5 5600G na mazabodi, ule ubao mkuu, ya B550. Ina grafiki yake ndani, imeandikiwa wati 65 tu, na ramu ni ya aina ya DDR4, nunua mbili za GB 8 badala ya moja ya 16 maana ile grafiki inakopa ramu na ikiwa moja inakuwa nzito. Ukipewa mazabodi ya B450 ya bei rahisi, cheki kama boksi lina stika ya Ryzen 5000, kama halina muuzaji aiwashe mbele yako, bayosi ya zamani, ile programu ya kuiwasha mazabodi, haiitambui prosesa hiyo na utafika nyumbani na skrini nyeusi.

Namba mbili ni prosesa ya Core i3-12100 na mazabodi ya H610. Soma mpaka herufi ya mwisho, 12100F haina grafiki kabisa, bila kadi hupati picha, na wauzaji wanaitoa bei poa bila kusema chochote. H610 nazo kuna za DDR4 na za DDR5, ramu ya moja haiingii kwenye nyingine hata ukilazimisha. Hizo kompyuta ndogo za Dell OptiPlex zilizotumika ni sawa kwa kuchapa barua, lakini nyingi mlango wa umeme kwenye mazabodi yake si ule wa pini 24, pawasaplai ya kawaida haikubali.

Na hawa wauzaji wa mjini kwa kweli wanachosha. Bei anakutajia kwa dola, halafu anaigeuza shilingi kwa reti anayoijua mwenyewe, ukiomba risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, ghafla bei inapanda 18% kama vile kodi ya VAT ilikuwa siri, ukiuliza waranti anakuonyesha karatasi ya siku saba. Ukimuuliza ampea za volti 12 anakwambia "nyabo (mama), hii ni orijino." Orijino ya nani? Pesa ni yangu na lebo nataka kuisoma.

Kabla hujalipa, kompyuta iwe imeunganishwa yote, mwambie aichomeke kwenye UPS, afungue video, halafu achomoe UPS ukutani. Arudie hivyo mara kadhaa. Ikizima hata mara moja mwambie abadilishe pawasaplai, siyo betri, na akikataa kufanya hilo jaribio toka, duka jingine liko mlango wa pili.