Mashine ya petroli ya kufyekea nyasi kwa bustani kubwa: uliza mtetemo kabla ya cc

Kila anayeniuliza anunue mashine gani anaanza na swali lile lile, ina cc ngapi, halafu msimu ukiisha anarudi analalamika vidole vinakufa ganzi na akishika kikombe cha chai mkono unatetemeka wenyewe. Jamani, kinachoumiza ni mtetemo, na sijawahi kusikia mtu anauulizia dukani.

Kwa hiyo uzito, rangi, uzi upi wa plastiki wa kukatia nyasi unakata vizuri, hayo leo naruka. Wewe fungua kitabu cha maelekezo, nenda kurasa za nyuma kwenye jedwali la vipimo, tafuta mstari wenye m/s², ndo kipimo cha mtetemo, mara nyingi utakuta namba mbili, ya mkono wa kushoto na ya kulia, chukua ile kubwa. Umoja wa Ulaya tangu 2002 wana sheria kwamba mfanyakazi akifika 2.5 kwa siku ya saa 8 mwajiri lazima achukue hatua, na 5 ndo mwisho kabisa. Sasa ujanja wa hesabu uko hapa: mtetemo ukizidi mara mbili, muda wako unapungua mara nne. Mashine ya 5 inakufikisha kwenye kile kiwango cha kwanza kwa saa 2, ya 10 nusu saa tu, na bustani kubwa nani anaimaliza kwa nusu saa? Ukizoea hivyo miaka na miaka vidole vinaanza kuwa vyeupe ukipata baridi, na hilo halitibiki kirahisi.

Kitabu hakina hiyo namba? Angalia pale injini inapoungana na bomba na pale mpini unapofungwa. Sukuma injini kwa mkono, ikicheza kidogo ujue kuna mpira au springi katikati, safi. Kama ni chuma kwa chuma na bolti zake, ule mpira laini wa kushikia ni urembo tu, usikudanganye.

Namba moja kwangu ni Stihl FS 250, na sifichi, mimi ni mtu wa Stihl. Ina 40.2 cc, mpini wa pembe mbili kama wa baiskeli, mfumo wa kupunguza mtetemo upo, na inabeba uzi au bleidi ya chuma ukikutana na vichaka. Inataka petroli ya kuchanganya, ml 20 za oili kwa lita, usikadirie kwa macho.

Namba mbili Honda UMK435. Injini yake GX35 ni 35.8 cc, haichanganywi oili, na mlio wake majirani wanauvumilia. Ila oili inayokaa ndani ni kama ml 100 tu, ukisahau kuikagua umeua injini.

Tatu Husqvarna 545RX, 45.7 cc, mashine ya kazi kweli kweli, ila kwa mtu wa bustani moja naona imezidi mno.

Zile za bei rahisi zisizojulikana zimetoka wapi, kama nyasi zako unafyeka mara mbili kwa mwaka chukua, vinginevyo hapana.

Na hapa ndo wauzaji wananichosha. Boksi limeandikwa 52 cc kwa herufi kubwa, ukifungua ukasoma kibandiko cha injini yenyewe unakuta namba ndogo zaidi, ukiuliza unaambiwa "zote sawa tu dada". Mkanda wa mabega mawili, ambao ndo unaoondoa uzito mikononi, wanautoa kwenye boksi wanauuza peke yake, unapewa kile cha bega moja chembamba kama cha mkoba. Na ukiomba waiwashe uikanyagie gesi mpaka mwisho uone mikono inasemaje, ghafla petroli dukani imeisha.