Sayansi Jumuishi ya KICD kwa Wanaosomea Nyumbani

Kwa mzazi wa Nairobi anayemfundisha mtoto wa Gredi ya 7 nyumbani, mtaala wa Sayansi Jumuishi wa KICD (taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya) unastahili kufikiriwa kwanza, kwa kuwa majaribio yake kadhaa, kama lile la kutambua asidi na besi kwa maji ya maua, limau na majivu, hufanyika jikoni bila maabara. Udhaifu wake ni kwamba mada za dunia na anga hazikupewa uzito, ilhali mtaala wa kimataifa wa Cambridge, wa Uingereza, unazifundisha waziwazi, ingawa vitabu vyake ni ghali zaidi. Vitabu vilivyoidhinishwa na KICD vinatofautiana kwa ubora. Binafsi ningevipekua dukani kabla ya kulipa. Anayelenga tathmini ya kitaifa ya KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9 ashikamane na mtaala huu.