Lensi ya Baba Mdogo na Baibui la Zambarau

Shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo vipi. Kabla sijasema lolote, tazameni picha hii. Huyu ni mama wa bi harusi, pale Ujiji, na siku hiyo alivaa baibui jeusi. Jeusi tii, nililiona kwa macho yangu. Sasa kwenye picha lina rangi gani? Zambarau, kama bilinganya. Nilipompelekea picha alikaa kimya, halafu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hili ni baibui langu au uliniazimia la mtu?" Na suti ya bwana harusi hii hapa, bilinganya nyingine. Lakini angalieni tairi za gari nyuma yao: nyeusi vilevile, hazijaguswa. Shikeni hilo la tairi, tutalirudia.

Niliyotumia ndiyo hii, Leica M8. Ilitoka mwaka 2006, ina pikseli milioni 10.3, yaani simu yako pengine inaizidi kwa mbali. Niliinunua mkononi kwa mpiga picha mwenzangu wa Dar es Salaam, ikaja na treni hadi huku Kigoma, mwisho wa reli. Ni kamera ya renjifainda. Haina kioo cha kurudisha picha machoni kama kamera kubwa mlizozizoea. Unachungulia kwenye kidirisha pembeni, katikati unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lensi mpaka zilaliane. Zikilaliana, fokasi imekaa, yaani kitu hicho kitatoka kikali. Hakuna cha kujifokasi yenyewe.

Lensi sasa. Hii ni Jupiter-8, milimita 50, tundu lake la mwanga linafunguka hadi 2; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ni ya baba yangu mdogo. Alikwenda kusoma Urusi enzi za Muungano wa Sovyeti, akarudi na koti zito ambalo Kigoma hakulivaa hata siku moja, na kamera ya Zorki. Kamera ilikufa zamani, lensi ikabaki kabatini. Namba yake inaanza na 69, na kwa lensi nyingi za Kisovyeti tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa kutengenezwa. Kwa hiyo hii ni ya 1969, imenizidi umri.

Inaingiaje kwenye Leica? Lensi hizi zina uzi wa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, kipenyo milimita 39. Leica za M, tangu ile M3 ya mwaka 1954, zina mdomo wa kupachika na kugeuza. Katikati unaweka adapta, hiki kipete chembamba, unene wake milimita moja tu. Moja kamili, kwa sababu lensi za uzi zinataka kukaa milimita 28.8 kutoka kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu, na mdomo wa M uko 27.8. Adapta mbovu, iliyozidi kidogo tu au iliyopinda, inaharibu fokasi yote, na utailaumu lensi bure. Nunua ile ya milimita 50, maana umbo lake ndilo linaloiambia kamera ioneshe fremu ipi kidirishani, yaani mistari ya kukuonesha picha itaishia wapi. Na fremu zenyewe za M8 zina uongo kidogo: kwa kitu cha mbali, picha inatoka na vingi kuliko ulivyoona. Sogea hatua moja mbele, basi.

Sensa ya M8 ni ndogo kuliko filamu, unazidisha mara 1.33, kwa hiyo hii 50 inaona kama lensi ya 67 kwenye filamu. Kwa sura za watu naipenda sana.

Kuhusu fokasi, nisikilizeni vizuri. Renjifainda za Kisovyeti zilipimwa kwa lensi ya milimita 52.4, kipimo kilichotoka kwa kamera za Contax za Wajerumani, na Leica inahesabu 51.6. Mbali huoni tofauti. Mtu akiwa mita moja mbele yako na tundu umelifungua hadi 2, hapo ndipo inakukamata. Yangu inaangukia nyuma: sikio limekatwa kwa wembe, macho yana usingizi. Hii hapa picha ya mjomba, hesabuni vinyweleo vya sikio. Funga tundu hadi 4, unapona. Wapo mafundi wanaoongeza vipande vyembamba ndani ya lensi ili kurekebisha. Mimi ya urithi siifungui.

Kamera yenyewe haijui kwamba imepewa lensi ya mzee. Weka gurudumu la shata, lile la kasi ya kupiga, kwenye A, wewe chagua tundu, kamera itachagua kasi. Pete ya tundu la Jupiter haina tik-tik, inateleza tu, na ukishika hovyo inahama. Mara ngapi nimepiga nikidhani niko 4 kumbe niko 8? Msiulize.

Haya, turudi kwenye baibui. Mwanga tunaouona ni sehemu tu ya mwanga uliopo. Chini ya wekundu kuna infraredi, jicho haliioni, ila sensa inaiona. Kamera nyingi zina kioo kinene juu ya sensa kinachoizuia. Leica kwenye M8 waliweka kioo cha nusu milimita tu, kwa sababu kwenye renjifainda lensi inakaa karibu mno na sensa, mwanga unafika pembeni ukiwa umeinama, na kioo kinene kingeharibu kona za picha. Kwa hiyo picha ni kali hadi kona, lakini infraredi nayo imepata mlango. Nguo nyingi nyeusi za nailoni na poliesta zinanyonya mwanga wa kawaida ila infraredi zinairudisha. Sensa inaipokea na kuiandika kama zambarau. Tairi je? Weusi wa tairi ni masizi ya kaboni, na hayo yanameza vyote. Ndiyo maana tairi zimebaki tairi.

Majani nayo yanageuka. Miembe hii hapa ilikuwa ya kijani kibichi, kwenye picha imekuwa kama ya kiangazi.

Dawa ni filta hii, kioo cha kufunga mbele ya lensi, imeandikwa UV/IR, yaani urujuanimno na infraredi. Igeuzeni, mnaona inavyong'aa wekundu kama kioo cha miwani ya jua? Inairudisha infraredi nje kabla haijaingia. Leica waliwapa walionunua M8 mpya filta mbili bure. Mimi niliyenunua mkononi sikupata, na zaidi ya hapo sikusoma chochote, nikakimbilia harusini. Kosa ni langu, na mama wa watu nilimwomba radhi. Jupiter-8 inachukua filta ya milimita 40.5, filta yangu ni ya 46, kwa hiyo nimeweka ringi ya kupandishia. Sasa tazameni baibui lilelile, nilirudi kwa mama nikampiga upya. Jeusi. Akasema, "Hili sasa langu."

Ukiwa na lensi pana, chini ya 35, filta hii inaleta shida nyingine: kona zinakuwa na kijani-bluu, na kamera inaweza kuzirekebisha pale tu inapoijua lensi. Kwa 50 hakuna tatizo, weka utambuzi wa lensi kwenye menyu ya kamera uwe OFF, ujiendee.

Lakini mlango huo wa infraredi si balaa tupu. Hii filta nyeusi, R72, inazuia karibu mwanga wote unaoonekana na kuacha infraredi peke yake. Kwenye kamera nyingine ukiifunga huoni kitu. Kwenye renjifainda unachungulia pembeni, filta haikuhusu! Saa sita mchana napiga nikiwa nimeshika mkononi, bila stendi. Fokasi ya infraredi inahama kidogo, nafunga tundu hadi 8. Tazameni: michikichi myeupe kama imemwagiwa unga, ziwa jeusi, mawingu yamesimama. Miaka miwili nimeishi na kamera hii, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tahadhari moja, msiwapige watu kabla ya kuwaambia. Ngozi nyeusi kwenye infraredi inang'aa. Shangazi alipojiona alisema nimemchubua bila mkorogo.

Kwenye mkoba wa baba mdogo kulikuwa pia na filta ya njano, ina herufi ya Kirusi inayofanana na mdudu, Ж, na 2x. Kwa filamu nyeusi na nyeupe ilikuwa mali: anga linaiva, mawingu yanatoka. Kwenye sensa ya rangi unajinyima bluu tu, na kamera inahangaika kuifuta njano hiyo. Piga rangi kamili, geuza baadaye kwenye kompyuta. Ingekuwa ile Leica Monochrom ya 2012, isiyoona rangi kabisa, ningekwambia ifunge leo. Hii nimeirudisha kabatini.

Filta za urujuanimno zilizoandikwa UV peke yake ni ngao tu ya vumbi. Na ile ya kupunguza mng'ao wa maji, huoni inavyofanya kazi kwa sababu huchungulii ndani ya lensi. Ishike mbele ya jicho, izungushe mpaka maji yatulie, kumbuka alama iliyo juu, kisha ifunge alama ikiwa palepale.

Ukinunua lensi kuukuu, mulika ndani kwa tochi ya simu. Huku kando ya ziwa kuvu inaota kwenye kioo kama utando wa buibui, na joto linayeyusha grisi mpaka kwenye mapezi ya tundu. Lensi za kukunja usizikunjie ndani ya kamera ya dijitali. Na yenye kitako kirefu nyuma, ulizia kwanza kama itaingia.

Nani ainunue M8 leo? Mwenye harusi kila Jumamosi, hapana, chukua kamera inayojifokasi. Mwenye lensi ya mzee kabatini na mwenye subira, ndiyo, lakini filta ya UV/IR inunue kabla ya kamera.

Naona jua limeshagusa milima ya Kongo, nikimbie Kibirizi. Ni giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao. Hapa filta yangu inanisaliti: mbele ya taa inatengeneza vivuli vya taa, kila mtumbwi unazaa mapacha hewani. Karabai inatoa infraredi tele, ukiivua filta bilinganya zinarudi. Taa za sola ni za LED, hizo infraredi karibu hazina. Kwa hiyo leo nawafuata wenye sola, filta nimeiacha mfukoni. Picha nitawawekea kesho.