Miaka sita na treni ndogo za umeme: kero ambazo boksi halikuniambia

Miaka sita iliyopita nilinunua boksi la kuanzia: injini ndogo ya magurudumu manne, mabehewa matatu, vipande vya reli vya kutosha kufanya duara, na kidhibiti chenye kitufe cha kuzungusha. Skeli yake ni HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na upana wa reli ni milimita 16.5. Leo duara lile limekuwa meza ya mita tatu yenye stesheni, daraja na yadi ya mabehewa. Kazi hii naipenda mno. Nayaandika mabaya yake kwa sababu boksi halikunigusia hata moja, na nimeona watu wakiuza kila kitu baada ya miezi michache huku wakiamini kosa lilikuwa lao.

Kero ya kwanza, na kwangu ndiyo mama wa nyingine zote, ni uchafu. Treni hizi nyingi hazina betri. Umeme unatoka kwenye kidhibiti, unapita kwenye reli mbili, unapanda kwenye magurudumu, kisha vibati vyembamba vinavyogusa mgongo wa gurudumu ndivyo vinavyoupeleka kwenye mota. Pale gurudumu linapogusana na reli, upana wake ni kama ncha ya pini. Vumbi likikaa hapo, au mafuta ya vidole, umeme unakatika. Mbaya zaidi ni cheche ndogondogo zinazoruka kati ya chuma na chuma: zinauunguza uchafu na kuuacha umeganda juu ya reli kama masizi. Injini inasita, taa zinapepesa, inazima.

Mwanangu alikuwa na miaka saba tulipoanza. Wiki ya kwanza hakulala bila kuiona treni ikizunguka. Wiki ya tatu swali lake lilikuwa moja tu: "Baba, mbona imezima tena?" Nikawa naisukuma kwa kidole, inakwenda nusu duara, inazima. Nilidhani mota imekufa. Nikaifungua kwa bisibisi, nikatia mafuta kila mahali, na hapo ndipo nilipoiharibu zaidi, kwa sababu mafuta yalishuka kwenye magurudumu na kusambaa reli nzima.

Baadaye nilijifunza dawa yake, na karatasi ya maelezo ingeweza kuiandika kwa mistari miwili. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo kwa spiriti ya isopropili, kitandaze juu ya reli. Weka injini magurudumu ya mbele yakiwa juu ya kitambaa, ya nyuma yakiwa juu ya reli tupu yakipokea umeme, kisha uigeuze. Washa taratibu huku umeishika. Magurudumu yatazunguka mahali pamoja yakijifuta. Mara ya kwanza nilipoinua kitambaa nilikuta mistari miwili myeusi tii, minene kama wino wa kalamu ya kuchorea. Nilirudia mara nne kabla mistari haijawa ya kijivu. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe, kwa kuwa spiriti inashika moto na cheche zipo. Reli usizisugue kwa msasa. Zitang'aa siku hiyo, lakini mikwaruzo itakuwa maficho ya uchafu mpya.

Baada ya kusafisha nikadhani nimemaliza, kumbe bado kuna njia panda za reli. Treni inapobadilisha njia, kuna mahali reli mbili zenye umeme tofauti zinakutana, na ili zisipige shoti watengenezaji wengi huweka hapo kipande cha plastiki. Injini ndefu inavuka bila wasiwasi kwa sababu magurudumu yake mengine bado yako kwenye chuma. Injini fupi ya magurudumu manne inafika juu ya plastiki na kufa palepale. Sasa niambie kwa nini maboksi mengi ya kuanzia yanakuja na injini fupi, halafu kitu cha kwanza unachoshawishiwa kuongeza ni njia panda. Hili linanikera kuliko kero zote za bahati mbaya, kwa sababu si bahati mbaya. Aliyeunda seti anajua vitu hivyo viwili havipatani. Ziko njia panda ambazo hapo katikati ni chuma, na umeme wake hugeuzwa kila reli inapohama, lakini zinahitaji waya wa ziada na swichi chini ya meza. Kwa injini ya mfumo wa kidijitali, nitakaoutaja mbele, unaweza pia kulehemu kapasita inayotunza umeme kidogo wa kuivusha. Vyote vinafanya kazi, nimevijaribu. Ila kwa mtu aliyenunua zawadi ya mtoto, ni mlima.

Mwaka wa nne injini yangu ya pili, yenye umbo la treni ya dizeli na nzuri kuliko zote, ilianza kuchechemea. Kila mzunguko wa gurudumu ilitoa mlio, tik, tik, tik, kama kokoto imenasa mahali. Nilisafisha, nikapima umeme, nikabadilisha reli. Siku moja nikaitoa ekseli kwa kibano na kuitazama chini ya lenzi. Gia ya plastiki nyeupe iliyobanwa kwenye chuma ilikuwa na ufa kati ya meno mawili, mwembamba kama unywele. Plastiki ile hunywea kadiri miaka inavyopita, na kwa kuwa ndani yake mna chuma kisichonywea, inapasuka. Pale ilipopasuka meno yameachana kidogo, na kila yanapofika kwenye gia ya jirani yanaruka. Haijalishi uliiendesha sana au iliishi kabatini. Hata injini isiyotoka kwenye boksi lake hupatwa.

Niliwaandikia watengenezaji. Jibu lilikuja la heshima kabisa: toleo lile limekwisha, na vipuri vyake navyo vimekwisha. Ndivyo biashara hii inavyokwenda siku hizi. Modeli inatangazwa, unaagiza kabla haijatengenezwa, unangoja, pengine tarehe inasogezwa tena na tena. Inatengenezwa mara moja kwa idadi ndogo, kisha basi. Ukichelewa umekosa, na ukipata huna uhakika wa vipuri miaka mitano mbele. Kwa kitu cha bei hii, na ambacho kimeundwa kizunguke, naona ni dharau kwa mnunuzi. Kuna na ugonjwa wa aloi ya zinki: ikichanganyika na risasi kidogo tu wakati wa kusubu, fremu ya injini huanza kuvimba na kumeguka baada ya miaka, na hiyo haina dawa.

Nafasi nayo ni somo. Hesabu ya 1:87 haina huruma: kilomita moja ya reli halisi inakuwa mita 11 na nusu, na jukwaa la stesheni la mita 400 linataka meza ya mita 4.6. Kwa hiyo kila mtu anabana. Kona za boksi zina nusu kipenyo cha sentimita 36 hivi, sawa na mita 31 kwenye reli halisi, kona ambayo treni kubwa ya abiria isingethubutu. Behewa la abiria la Ulaya lenye mita 26.4 likipunguzwa kwa haki linafika sentimita 30, na likiingia kona hiyo tumbo linatokeza ndani na ncha zinatokeza nje. Mimi nilijenga jukwaa zuri la stesheni, nikalipaka rangi, nikalibandika kwa gundi, ndipo nikapitisha behewa refu. Lilikwangua ukingo wote. Nililing'oa kwa kisu. Pitisha behewa lako refu kuliko yote kabla gundi haijafunguliwa.

Halafu kuna kutopatana. Modeli za Uingereza za OO ni 1:76, lakini zinakimbia kwenye reli zilezile za milimita 16.5, hivyo zinapanda bila tatizo na kuonekana majitu mbele ya nyumba za 1:87. Skeli ndogo ya N ni 1:160 sehemu nyingi, Uingereza ni 1:148, na Japani mara nyingi 1:150, zote kwenye reli za milimita 9. Ndoano za kuunganishia mabehewa ni fujo tupu. Nina kisanduku kizima cha za kubadilishia.

Mfumo wa kidijitali, ule wa DCC, unaotuma amri kupitia reli kwa chipu iliyo ndani ya kila injini, nausifu: injini mbili kwenye reli moja, kila moja na amri yake. Lakini injini mpya kwa kawaida zinatoka kiwandani na anwani namba 3. Nilipoweka mbili mezani bila kujua, zote ziliitika amri moja na kugongana uso kwa uso, na kishikio kimoja cha pembeni kikavunjika. Kubadilisha anwani ni kuandika namba kwenye kigezo cha 1, yaani mpangilio wa kwanza kati ya ile iliyohifadhiwa kwa namba ndani ya chipu. Kigezo cha 29 ndicho kilichonitesa: namba moja inabeba mipangilio kadhaa kwa pamoja, nikakosea, injini ikaacha kuitika kabisa. Kwenye dikoda nyingi, yaani chipu hizo, ukiandika 8 kwenye kigezo cha 8 inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Nililijua hilo baada ya jioni tatu.

Boksi lile nalipa nyota tatu kati ya tano. Reli zake ni imara, kidhibiti hakijawahi kuungua, ila injini yake haistahili njia panda zinazouzwa pamoja nayo. Anayenunua leo naomba aulize mambo mawili kabla ya kulipa: injini inapokea umeme kwa magurudumu yote? Na ekseli yake inauzwa peke yake?

Ile dizeli yangu bado iko kabatini, imefungwa kwa kitambaa. Gia ninayoitafuta ina meno 14 na inabanwa kwenye ekseli ya milimita mbili. Mwenye nayo, hata iliyotumika, naomba aniambie hapa chini.