Software Heritage: ghala zuri, lakini msiliachie kila kitu

Google Code, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilifungwa mwaka 2016. Bitbucket, tovuti nyingine ya aina hiyo, ikafuta maghala (miradi ya msimbo) ya Mercurial mwaka 2020. Jamii ndogo yenye programu huria yake isingoje tangazo kama hilo.

Software Heritage, iliyoanzishwa na Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, mwaka 2016, huhifadhi msimbo chanzo pamoja na historia yake, bure. Fungua ukurasa wa "Save Code Now", bandika anwani ya ghala la Git, Subversion au Mercurial (mifumo ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo), tuma, subiri. Kinachonifurahisha zaidi ni SWHID: kitambulisho kinachokokotolewa kutokana na maudhui yenyewe, kwa hiyo baiti moja ikibadilika, nacho hubadilika. Kiandikeni kwenye nyaraka zenu.

Mapengo yapo, tena makubwa. Ripoti za hitilafu na mijadala yake hazihifadhiwi. Faili za Git LFS (nyongeza ya Git kwa faili kubwa) hubaki vielekezi vitupu, bila faili zenyewe. Maghala madogo yaliyounganishwa ndani ya ghala kuu yaombewe kila moja peke yake, la sivyo huenda programu isijengeke tena.

Ndiyo maana nakala yenu wenyewe ni lazima. Tumieni amri hizi, mkiweka anwani ya ghala lenu penye ANWANI:

git clone --mirror ANWANI

Ingia ndani ya folda iliyoundwa, kisha:

git lfs fetch --all
git bundle create nakala.bundle --all
git bundle verify nakala.bundle

Bando, yaani faili ya nakala.bundle, halibebi faili za LFS. Nakilini folda ya lfs kando. Wiki ya GitHub ni ghala la Git pia, anwani yake huishia .wiki.git. Ripoti za hitilafu zivuteni kupitia API (njia ya programu kuchukua data kwenye tovuti) mapema, tovuti ingali hai.

Kwa msimbo wenyewe, naipa Software Heritage nyota 5. Kwa mradi mzima, 3.