Yamaha HS5 kwenye chumba kidogo: miezi minane nilikaa pabaya

Hizi HS5 nazitumia mwaka wa pili sasa na ukweli nilibakiza kidogo tu niziuze. Naandika kwa sababu naona watu wengi wananunua monita (spika za studio kama hizi), wanazipachika mezani, wanaanza kumiksi, yaani kusawazisha sauti za wimbo, baada ya wiki mbili wanasema spika mbovu hazina besi, na mimi nilikuwa hivohivo kabisa.

Spika yenyewe kwa haraka. Wufa (ya sauti za chini) inchi 5, twita (ya sauti za juu) inchi 1, kila moja ina ampi yake ndani, wati 45 za wufa na 25 za twita. Nyuma kuna tundu la hewa, sehemu za kuchomeka waya wa XLR na wa jeki, kitufe cha sauti, na swichi mbili ndogo ambazo wengi hawazigusi kabisa, ROOM CONTROL na HIGH TRIM. Haikupambii sauti, kama vokali (sauti ya mwimbaji) ina "s" kali utaisikia mpaka uirekebishe, na mimi nazipendea hapo. Besi inashuka mpaka kama Hz 54 (mitetemo 54 kwa sekunde), chini ya hapo usitegemee kitu, hilo nililijua kabla sijanunua kwa hiyo silalamiki.

Sasa chumba. Urefu wake mita 3.1, upana 2.6. Nilikuwa nimesikia spika yenye tundu nyuma isogezwe mbali na ukuta, basi nikavuta meza mbele, uso wa spika ukawa sentimita 75 toka ukutani na mimi nikawa nimekaa katikati ya chumba kabisa. Besi haipo. Naongeza, bado haipo. Kuna wimbo mmoja gitaa la besi linacheza noti A ya chini, D na E, D naisikia vizuri, E naisikia vizuri, ikifika A ni kama mpigaji ameinua mkono. Nikaipandisha ile A peke yake desibeli 6, nikaridhika, nikaenda kuusikiliza kwenye gari, ile A ilipoingia milango ikaanza kulia na vokali ikazama yote. Miezi minane nimemiksi kazi za watu hivo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja nimeiacha ile A inajirudia kwenye laptopu nikanyanyuka kufuata chaja, nafika ukuta wa nyuma besi imejaa, yaani inakugonga kifuani. Narudi hatua moja, inapungua. Naingia katikati, imepotea. Nikazunguka kile chumba kama robo saa, mbele, nyuma, mbele, nyuma, spika hazijaguswa na sauti haijaongezwa. Kumbe zilikuwa zinaitoa muda wote, nilipokaa ndipo haifiki.

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Kuta mbili zinazotazamana zinalirudishiana wimbi, na lile ambalo nusu ya urefu wake inaenea kati ya kuta linasimama palepale, linavimba kwenye kuta na kufa katikati. Chukua 343 gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, kwangu ni 343 kwa 6.2, unapata 55. Na A ya chini ya besi ni Hz 55! Chumba changu kilikuwa kinaimeza noti ileile moja, na mimi kiti nimekiweka kwenye shimo lake. Pima chako ufanye hesabu hiyo leo, utashangaa.

Wahandisi wengi wanaanzia kwa kukaa asilimia 38 ya urefu wa chumba toka ukuta wa mbele, ule ulio nyuma ya spika, ni pa kuanzia tu, siyo sheria. Kwangu ni kama mita 1.18. Hapo ikabidi meza irudi nyuma na spika zisogee ukutani, nikaogopa lile tundu, lakini tundu linataka nafasi ndogo tu ya kupumulia, mimi nimeacha kama sentimita 10 nyuma ya spika. Na kukaa karibu na ukuta kuna faida yake. Sauti ya chini haiendi mbele tu, inazunguka nyuma ya spika, inagonga ukuta na kurudi imechelewa, na pale umbali wa toka uso wa spika hadi ukutani unapokuwa robo ya wimbi inarudi kinyume na kuifuta ile ya mbele. Kwa sentimita 75 shimo linatokea karibu na Hz 114, katikati ya besi kabisa. Kwa sentimita 32 nilizonazo sasa linapanda mpaka kama Hz 270, na huko paneli nene inaweza kulipunguza, nimeweka moja ya sufi ya mwamba (rockwool) nyuma ya kila spika. Ukuta unaongeza besi kidogo, ndiyo kazi ya ile swichi ya ROOM CONTROL, inapunguza chini ya Hz 500 kwa desibeli 2 au 4. Nimeweka 2. HIGH TRIM, ya sauti za juu, sijaigusa.

Pembetatu nilipima kwa uzi, siyo kwa macho. Spika hadi spika mita 1, kila spika hadi kichwani mita 1, uzi uleule mmoja. Zimegeuzwa zinitazame, na twita ziko usawa wa sikio nikiwa nimekaa. Mwanzo nilikuwa nimezilaza ubavu ili zienee chini ya skrini, tafadhali usifanye hivo, kwa HS5 twita inatakiwa kuwa juu na wufa chini, ukizilaza ukisogeza kichwa kidogo tu kushoto sauti inabadilika. Nimezitoa mezani pia nikaziweka kwenye stendi zilizojazwa mchanga, meza ilikuwa inaunguruma pamoja na kiki (ngoma nzito ya chini).

Kulia na kushoto pafanane, hili sikuwa nalichukulia kwa uzito. Spika ya kushoto ilikuwa karibu na ukuta kuliko ya kulia, vokali niliyoiweka katikati ikawa inaegemea kushoto, nami nikawa naivuta kulia kwenye miksi! Sasa zote umbali sawa na kuta za pembeni. Baada ya hapo rafiki akaja na kioo, mimi nimekaa kwenye kiti, yeye anakitembeza ukutani polepole, kila nilipoiona twita ndani ya kioo tukaweka alama ya penseli, hapo ndipo paneli zikakaa, kushoto, kulia na darini. Trei za mayai nilizokuwa nimebandika nimezing'oa zote, hazishiki besi hata kidogo.

Usawa wa sauti niliweka kwa kelele ya pinki (mvumo wa kupimia wenye sauti za chini hadi za juu), spika moja kwa wakati, simu yenye programu ya kupima desibeli imewekwa pale kichwa kinapokaa, nikarekebisha kitufe cha nyuma mpaka zote zikasoma namba moja. Baadaye niliazima maiki ya kupimia nikatumia REW, ni programu ya bure ya kupima sauti ya chumba, lile shimo la Hz 55 limepungua sana, halijaisha, na kuna uvimbe wa besi kwenye kona ambao hautaki kutoka. Nataka kujaza kona mbili kwa sufi nene toka sakafuni hadi darini, paneli nyembamba haziwezi mawimbi marefu hivyo.

Basi juzi nikaufungua ule wimbo wa zamani, nikakaa kwenye alama ya tepu niliyobandika sakafuni, nikaubonyeza. A ikaingia imevimba mno, nimeisikia mwenyewe kabla sijafika kwenye gari. Nikaishusha desibeli 5, nikamtumia mwenye wimbo bila kumdai chochote, akasikiliza kwenye gari lake, akaniuliza nimebadilisha spika gani.